Cissé: Jina au Muda?

Aliou Cissé, nahodha wa Senegal mwaka 2002, alikosa penalti kwenye fainali ya Afrika dhidi ya Kamerun. Alipokabidhiwa timu hiyo kama kocha mwaka 2015, ilikuwa rahisi kudhani amepewa kazi kwa jina tu. Lakini jina halimwokoi kocha aliyepoteza fainali, na yeye alipoteza ya 2019 kwa Algeria, 1-0. Shirikisho lilimwacha aendelee, jambo adimu katika soka letu la kutimua kocha kwa sare mbili, na Februari 2022, kwenye fainali ya Yaoundé, Misri ikalala kwa matuta, 4-2. Mtasema alibebwa na mshambuliaji wake Sadio Mané. Mané huyo huyo alikuwepo 2019, na usiku ule wa Yaoundé alikosa penalti mapema kabla ya kufunga tuta la ushindi. Golini alisimama Édouard Mendy, aliyeitwa timu ya taifa na Cissé mwenyewe.