Leseni mkononi, kazi wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na vijana wa chama, Songo, Uvira



Mwaka huu kasha la chama limepokea maombi matatu ambayo hatukuyazoea. Tangu watu waanze kurudi kutoka kambi za Tanzania, mkopo uliombwa kwa ajili ya nyavu, cherehani, mawese, au mabati ya nyumba. Sasa yanakuja maombi ya urubani. Wawili wanataka kwenda shule ya ndege, na wazazi wa mmoja wameshamwita komisioneri aje kupima parsele yao ili iuzwe. Wa tatu ameshatoka shuleni. Ana leseni ya biashara, ana saa 210 za kuruka, na huu ni mwezi wa saba anauza unite za simu kando ya barabara akingoja kampuni imjibu. Tunasema leseni, yaani permi ya kuendesha ndege. Tusiichanganye na lisansi ya universite, maana kuna aliyechanganya na akafurahi bure.

Hamu hii ina sababu. Tarehe 1 Desemba 2024 Air Congo ilianza kuruka, ikiwa na Boeing 737-800 mbili. Serikali yetu ina asilimia 51, Ethiopian Airlines ina 49. Watu waliona picha za ndege mpya yenye jina la nchi, wakasikia kwamba kampuni itakua, na kila mwenye mtoto hodari wa hesabu akaanza kuota. Kampuni ikikua inatafuta marubani, hilo ni kweli kabisa. Sisi tunauliza: inatafuta marubani gani?

Tupige hesabu kidogo. Ndege moja ikiruka saa 10 kwa siku, kwa mwaka inafikisha saa 3650. Rubani mmoja haruhusiwi kuruka zote hizo. Nchi nyingi zinamsimamisha kwenye saa 900 au 1000 kwa mwaka, juu ya uchovu. Na mbele wanakaa wawili, kapteni na msaidizi wake. Ukigawanya, ukaongeza likizo, ugonjwa na siku za mafunzo, ndege moja inataka marubani kama 10. Ndege mbili, kama 20. Nusu yao lazima wawe makapteni, na kapteni wa ndege kama hiyo anatakiwa awe na leseni ya juu, ambayo kwa kanuni za kimataifa haitolewi kabla ya miaka 21 ya umri na saa 1500 za kuruka.

Hapo mnaona shida ya kijana wetu. Sheria inamruhusu kukaa kiti cha kulia kama msaidizi, lakini kwanza afundishwe aina hiyo ya ndege, na mafunzo hayo peke yake ni maelfu ya dola. Kampuni inayokua ina haraka. Ndege imefika, inadaiwa kila mwezi, haiwezi kulala kiwanjani ikingoja mtu akomae. Kwa hiyo kwanza inawaita wenye saa nyingi, hata kama wanatoka nchi nyingine. Na mwenzi wa Air Congo ana marubani wake na chuo chake kikubwa Addis Ababa. Njia hiyo ameipita tayari na ASKY ya Lomé, na kampuni ya Malawi, na ya Zambia. Hatumlaumu, ndivyo biashara ilivyo. Ila mtoto anayeitamani Air Congo asiangalie Kinshasa tu, aangalie na Addis, kwa sababu chuo kile kinapokea pia wanafunzi wageni wanaojilipia.

Katikati ya saa 200 na saa 1500 ndipo vijana wengi wanapotelea. Zamani huku kwetu kulikuwa na daraja: ndege ndogo za Goma na Bukavu, zinazopeleka watu na mizigo Shabunda na Minembwe, kwenye viwanja vya udongo. Kijana alianza pale, akakusanya saa. Vita vilifunga uwanja wa Goma Januari 2025, na Kavumu mwezi uliofuata, na daraja likakatika. Hata lilipokuwa zima halikuwa daraja la kuchezea. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier 228 iliruka kutoka Goma kwenda Beni ikaanguka juu ya nyumba za watu, na waliokufa walipita 20. Tangu 2006 kampuni za ndege zilizosajiliwa kwetu zimo kwenye orodha ya zile zilizokatazwa kuruka Umoja wa Ulaya. Mzazi anayesema "mtoto akishapata leseni atajipanga" ayajue hayo kabla ya kuweka sahihi.

Basi kijana wetu mwenye saa 210 afanye nini? Tumekaa naye mara nyingi. Alikuwa anaomba tumkopeshe alipie mwenyewe mafunzo ya Boeing 737, akiamini kwamba akishakuwa na karatasi hiyo kampuni itamwita. Tulimshauri asifanye hivyo. Mafunzo ya aina moja ya ndege bila kampuni inayokungoja ni kama kununua injini ya mashua kabla ya mashua. Ukikaa bila kuruka, uzoefu unachakaa, na utalipa tena kurudi kwenye mashine ya mazoezi. Mkopo mdogo unamfaa zaidi, kwanza wa kulinda kile alichonacho. Cheti cha afya cha rubani wa biashara kinaisha kila miezi 12. Akikiacha kife, barua zake hazitasomwa.

Halafu Kiingereza. Angani kwetu Kifaransa kinasikika kwenye redio, lakini rubani wa safari za kimataifa anapimwa Kiingereza kwa ngazi 6, na anatakiwa afike angalau ya 4. Aliye kwenye ngazi ya 4 anarudia mtihani kila miaka 3. Kwa wengi wetu huu ndio udhaifu mkubwa, na ndio wa bei rahisi kuondoa. Walimu wa Kiingereza hapa Uvira wapo, na saa mbili kila jioni kwa mwaka mzima hazifiki hata sehemu ndogo ya bei ya mafunzo ya Boeing.

Baada ya hapo atafute saa kwa njia ya ualimu. Marubani wengi duniani walivuka bonde hili wakiwafundisha wanaoanza: analipwa kidogo, lakini kila somo linaandikwa kwenye kitabu chake cha saa. Shule zipo uwanja wa Wilson, Nairobi, na Soroti kule Uganda, shule ya tangu 1971. Huko atahitaji leseni yake itambuliwe na apate ruhusa ya kazi. Sisi tuliokulia Nyarugusu na Lugufu tunasema Kiswahili cha Kigoma mpaka watu wanatudhania wenyeji, lakini lafudhi haimpi mtu kibali.

Jambo la karatasi tunalisema kila mkutano na tutalisema tena. Jina la kwenye fomu ya kurudi, jina la kwenye diploma ya Leta na jina la kwenye paspoti yawe moja. Tumeona mtoto mmoja akiwa na majina matatu, juu ya mwandishi wa kambini aliyeandika alivyosikia. Asiye na cheti cha kuzaliwa aende tribunali apate hukumu inayosimama pahali pake, sasa, siyo wiki ya kuitwa.

Kwa wale wawili wanaotaka kuanza: komisioneri angoje. Kwanza mtoto apimwe na daktari anayekubaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Miwani siyo kizuizi kama macho yanaona vizuri ukiivaa, lakini kuna watu waliouza shamba ndipo wakagundua mtoto hatofautishi rangi za taa. Shule ya kweli inakula makumi ya maelfu ya dola, na parsele ya Songo haifiki huko. Anayekatiza njiani anarudi na saa 80 na deni. Na ndege haiendeshwi na rubani peke yake. Kuna mafundi, watu wa hali ya hewa, waongozaji wa RVA kwenye mnara. ISTA ya Kinshasa inafundisha kazi za anga, na bei yake mtu anaweza kuifikiria bila kutetemeka.

Mama mmoja hapa alitumiwa ujumbe kwenye WhatsApp kwamba mwanawe "amechaguliwa", atume dola 350 za dosiye. Alikuwa ameshakusanya likilimba yake yote. Binti yake ndiye aliyemzuia. Hakuna kampuni ya ndege inayouza nafasi kwa simu, wazazi. Mkipata ujumbe kama huo, uleteni kwetu kabla ya kutuma hata franka moja.

Kamati inapendekeza hivi, na ninyi mtapiga kura Jumapili: kasha likopeshe feza ya cheti cha afya, mtihani wa Kiingereza na karatasi, kwa yeyote kati ya hao watatu, lisikopeshe karo ya shule ya ndege wala mafunzo ya Boeing. Wafadhili wameuliza kama wanaweza kumlipia mtoto mmoja shule yote. Tumewajibu kwamba tungependelea mwalimu wa Kiingereza wa mwaka mmoja, kwa vijana wote wa chama, wa ndege na wasio wa ndege.

Wenye majina yasiyolingana walete karatasi zao ofisini Jumanne asubuhi. Tutakaa mpaka saa saba.