Mchezo Unaofundisha
(Hotuba ya walimu wa shule ya msingi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Tumepewa dakika chache. Tunaomba kuzitumia kujibu swali ambalo wazazi wengi wametuuliza: kwa nini watoto wanacheza katika kipindi cha hesabu?

Ndugu wazazi, darasa lina watoto 100 na mwalimu mmoja. Mwalimu akiuliza swali, wanajibu watatu; wengine hunyamaza wakiogopa kuchekwa. Mtoto anayenyamaza muda mrefu, mwisho huacha shule.

Ndiyo maana tukatunga mchezo. Watoto wawili wana visoda 10 na kikombe. Mmoja anafunika visoda kadhaa. Mwenzake anatazama vilivyobaki nje, anataja vilivyofichwa. Kisha kikombe kinafunuliwa. Akipatia, anapata alama. Akikosa, anavihesabu mwenyewe, na zamu inapita. Hakuna fimbo, hakuna kicheko, na kwa wakati mmoja watoto 50 wanajibu.

Si kila mchezo hufundisha. Ukimpa mtoto pipi kwa kila jibu, atajifunza kupenda pipi. Mtungaji huchagua jambo moja la kujifunza, kisha huweka kanuni ambayo asiyelijua jambo hilo hawezi kushinda. Halafu huwatazama watoto wakicheza, na kanuni inayowakwaza huibadilisha. Wazee wetu walilijua hilo. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Asiyepiga hesabu mapema hajui kete yake ya mwisho itaangukia wapi, naye hufungwa.

Mkoani Tanga, Tanzania, kuanzia 2017 hadi 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili katika vijiji vipatavyo 170. Wengi wa watoto wale walikuwa hawajawahi kwenda shule, nao walijifunza. Sisi hatuna vishikwambi, lakini visoda tunavyo.

Tunaomba mambo mawili. Kamati itusaidie kukusanya visoda na mbegu za kutosha madarasa yote. Na jioni, mtoto akileta kikombe na visoda vyake, mama au baba akae naye chini wacheze. Hata mzazi ambaye hakusoma anaweza kufunika visoda.