Skrini Nzima Isitupwe kwa Sababu ya Tundu
(Maneno tuliyowaambia wanachama na wafanya kazi waliokutana Migwani)



Wengi wenu mmetoka kazini mbali, mmekuja nyumbani kwa likizo, na twajua mngependa kupumzika. Lakini mbele yetu kuna jambo la fedha, tena fedha ya ada zetu wenyewe, kwa hiyo hatuna budi kulizungumza kabla halijakatwa.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi ya tawi imepata kompyuta tatu mpya, zile ndogo ambazo mtu aweza kuzibeba kwa mkono mmoja. Skrini tunazo tatu, za bapa, zote zawaka vizuri. Kibodi tunazo. Printa tunayo, ile ya sindano yenye kelele, ambayo imetuandikia stakabadhi za ada miaka mingi. Lakini kompyuta mpya zilipotolewa katika maboksi ilionekana kwamba tundu zake si zile za zamani. Waya wa skrini haukuingia, wala waya wa printa haukuingia. Akaja muuzaji, akatazama, akasema, “Hivi vyote ni takataka, nunueni vipya.” Akaacha karatasi ya bei, na sasa halmashauri yaombwa kuitia sahihi. Sisi twasema, ngojeni kwanza.

Sisi watu wa reli twalijua jambo la namna hii kuliko watu wengine. Reli yetu ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina milimita 1,435. Jirani zetu wa Makueni waziona zote mbili huko Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Behewa la reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Je, mzigo ulitupwa kwa sababu hiyo? Hata kidogo. Huko Mai Mahiu palijengwa mahali pa kuteremsha makontena kutoka reli mpya na kuyapandisha juu ya reli ya zamani, yaendelee na safari kuelekea Malaba. Nako Tanzania, reli ya TAZARA ina milimita 1,067 na ile ya kati ina 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, si zaidi ya upana wa vidole vinne, lakini zatosha kuzuia treni. Basi mwaka 1998 pakafunguliwa pale Kidatu mahali pa kuhamishia mizigo. Mzigo ni ule ule, njia ndiyo iliyobadilika.

Kompyuta na skrini ni vivyo hivyo. Mzigo wake ni picha. Kile kidude cha kuhamishia picha kutoka njia moja hadi nyingine huitwa adapta. Kwa kawaida bei yake ni shilingi mia chache, na skrini mpya ni maelfu. Lakini si kila adapta yafaa, na mtu asiyejua atanunua tatu zisizofaa, kisha atasema muuzaji alikuwa na haki. Kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Tundu la skrini zetu huitwa VGA. Ni lile la rangi ya buluu lenye pini 15 katika mistari mitatu, na skrubu mbili kando. Lilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1987. Lilitumika ulimwenguni kote kwa muda mrefu sana, hata mwezi wa Desemba 2010 makampuni makubwa, miongoni mwao Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG, yakatangaza kwamba yataliacha pole pole. Basi mjue kwamba skrini zetu hazikuharibika. Ni viwanda vilivyoondoa tundu upande wa kompyuta.

Mahali pake pakaja HDMI, iliyotolewa mwaka 2002, ambalo ni tundu bapa lisilo na skrubu, lenye pini 19. Ikaja DisplayPort mwaka 2006. Ikaja USB ya namna ya C mwaka 2014, lile tundu dogo la mviringo uliobanwa, kama la kuchajia simu nyingi za siku hizi.

Sasa shikeni neno hili, kwa maana ndilo kubwa. Katika waya wa VGA, picha hupita kama umeme unaopanda na kushuka, mithili ya sauti ya mtu inayopanda na kushuka. Katika HDMI, picha hupita kama hesabu, sifuri na moja, mithili ya karani anayesoma namba. Hizi ni lugha mbili. Kwa hiyo kutoka HDMI kwenda VGA haitoshi kubadili umbo la plagi. Lazima ndani ya adapta mwe na kifaa cha kutafsiri, kama vile pale Kidatu lazima pawe na kreni. Waya mtupu wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na cha VGA upande wa pili, usio na kifaa cha kutafsiri ndani, hautaonyesha kitu. Waya wa namna hiyo huuzwa, na bei yake ni ndogo, na mnunuzi hurudi nyumbani akaona giza.

Yako maungano mengine yasiyohitaji kutafsiriwa. Kwa mfano, tundu liitwalo DVI, la mwaka 1999. Tazameni ule ubapa ulio kando ya pini zake. Mkiona pini nne ndogo zimeuzunguka, basi tundu hilo huweza kutoa picha ya lugha ya zamani pia, na kichwa cha kubadili umbo tu chatosha. Mkiona pini hizo nne hazipo, basi kichwa hicho hakitafaa, lazima kiwepo cha kutafsiri.

Jambo la pili ni upande. Adapta nyingi ni za kwenda tu, hazina kurudi. Ile ya kutoka kompyuta yenye HDMI kwenda skrini yenye VGA si ile ya kutoka kompyuta ya zamani yenye VGA kwenda televisheni yenye HDMI. Ukienda dukani usiseme, “Nipe adapta ya VGA na HDMI.” Sema, “Kompyuta yangu inatoa HDMI, skrini yangu inapokea VGA.” Taja anayetoa kwanza, kisha anayepokea. Tena chukua waya wa skrini yako uende nao, mwenye duka auone.

Jambo la tatu ni tundu la C. Umbo lake halikuambii kazi yake. Kompyuta moja hutoa picha kwa tundu hilo, na nyingine hulitumia kwa chaji na kupitisha maandishi tu. Someni kitabu cha mashine kabla ya kutoa fedha.

Jambo la nne ni kipimo cha picha. Yaweza kutokea mmeunga vyote sawa sawa, na skrini ikaandika kwamba haiwezi kuonyesha. Msiogope, wala msimwite muuzaji. Kompyuta mpya imetuma picha kubwa kuliko skrini iwezavyo kupokea. Ungeni kompyuta hiyo kwa muda na televisheni ya HDMI, punguzeni kipimo hadi 1024 kwa 768, kisha rudisheni skrini yenu, halafu pandisheni hadi kile kipimo kilichoandikwa katika kitabu chake. Na mkumbuke kwamba VGA haichukui sauti. Mkitaka sauti, nunueni adapta yenye tundu dogo la sauti kando. Adapta hula umeme kidogo kutoka kompyuta, na nyingine huja na waya wa pili wa USB kwa kazi hiyo. Waya huo si pambo, uchomekeni.

Tena msiutupe waya wa VGA kwa kuona pini moja haipo. Nyaya nyingi huwa na pini 14, kwa kuwa ile ya 9 haikutiwa tangu kiwandani. Pini iliyopinda ndiyo ubovu, nayo aghalabu huweza kunyoshwa pole pole.

Sasa printa. Ndugu, hapa ndipo tunapowaomba mwe macho, kwa sababu hapa fedha si hoja peke yake. Printa ya sindano hugonga karatasi. Kwa kuwa hugonga, huweza kuandika karatasi mbili au tatu zilizopangwa pamoja, kwa mgongo mmoja. Stakabadhi ya mwanachama na nakala ya kitabu hutoka kwa pigo moja, na hapana awezaye kuandika shilingi hizi juu na shilingi zile chini. Printa za wino wa kurusha na za leza hazigongi, basi haziwezi kazi hiyo. Huchapa karatasi ya kwanza, kisha huchapa ya pili mbali, na katikati ya hizo mbili namba yaweza kubadilishwa. Hatumshuku mtu. Lakini nakala ya pigo moja ni ngao ya mwanachama, na pia ni ngao ya mweka hazina aliye mwaminifu.

Printa ile ina tundu pana la pini 36, na waya wake huishia kwa kichwa cha pini 25 upande wa kompyuta. Uko waya wa kuunganisha printa ya namna hiyo na tundu la USB, nao una kifaa cha kutafsiri ndani yake. Kwa kuchapa kutoka programu za siku hizi hufanya kazi vema, mradi fundi aweke programu ya kuiongoza printa. Taabu iko kwa programu za zamani sana, zilizozoea kutafuta tundu la printa moja kwa moja na kuliita LPT1. Hizo hazitaiona printa mpaka fundi azielekeze. Ni kazi inayowezekana, lakini aulizwe kabla hajalipwa, si baadaye.

Kibodi na kipanya cha plagi ya duara, zambarau na kijani, navyo vina adapta za USB. Vile vichwa vidogo vya bure vinavyokuja ndani ya boksi huenda visifanye kazi kwa kibodi nyingine, kwa sababu hubadili umbo tu. Kwa kibodi ya zamani takeni ile adapta ya waya yenye kifaa cha kutafsiri ndani. Na plagi ya duara isichomekwe wala isichomolewe mashine ikiwa inawaka.

Tukisema haya hatusemi kwamba kila cha zamani kihifadhiwe. Ile skrini kubwa yenye kisogo kirefu, ya kioo kizito, hula umeme mwingi, na ndani yake mna risasi na umeme mkali unaoweza kukaa hata baada ya plagi kuchomolewa. Isifunguliwe na mtoto wala na fundi wa kubahatisha, wala isitupwe korongoni. Iko sheria ya taka ya mwaka 2022, na Nairobi kiko kituo kiitwacho WEEE Centre kinachopokea vyombo vya umeme vilivyokwisha. Na skrini inayozimika zimika yenyewe haitaponywa na adapta. Kisichofanya kazi kiondoke, lakini kinachofanya kazi kibaki.

Wala hatukuanza sisi. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianzishwa mwaka 2002, na kazi yake ilikuwa kupokea kompyuta zilizokwisha kutumika, kuzitengeneza, na kuzipeleka katika shule. Wanafunzi wengi wa nchi hii waligusa kompyuta mara ya kwanza kwa sababu mtu fulani hakukubali kwamba cha jana ni takataka.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi matatu mbele ya mkutano.

La kwanza: ile karatasi ya bei isitiwe sahihi leo.

La pili: inunuliwe adapta moja tu ya HDMI kwenda VGA, yenye kifaa cha kutafsiri, kwa stakabadhi na kwa ahadi ya kurudishwa isipofaa. Ijaribiwe kwa skrini zote tatu mbele ya wanachama wawili na mweka hazina. Ikifaa, ndipo zinunuliwe mbili nyingine. Uletwe pia waya mmoja wa printa, nao ujaribiwe kwa stakabadhi ya nakala mbili.

La tatu: fedha itakayosalia isomwe mkutanoni, na sisi sote tuamue kazi yake. Tukiwa na skrini ya ziada siku moja, ziko shule hapa hapa zingeipokea kwa mikono miwili.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni mzima, unahitaji uzi tu. Ada hizi zimetoka katika jasho la watu wanaoamka saa kumi za usiku kwenda kazini, na kila shilingi yake yafaa kuulizwa mahali iendapo. Mwenye swali aulize sasa, na mwenye kujua zaidi yetu asimame atufundishe.

Umoja ni nguvu.