Darasa Lililogeuzwa: Mbona Mhadhiri Hatoi Mhadhara?

(Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi, walezi na wanafunzi wanaojiunga na vyuo vikuu kusomea sayansi)



Mwanafunzi anayekwenda kusomea fizikia au kemia hutarajia ukumbi mkubwa, mhadhiri mbele na daftari la kunakili. Siku hizi huenda akakuta kinyume. Jioni anatumiwa video au kurasa za kusoma. Asubuhi darasani anapewa maswali, si mhadhara. Wapo wanaopiga simu nyumbani kulalamika kwamba mwalimu hafundishi na karo inaliwa bure. Kabla mzazi hajakasirika, ajue utaratibu huu ulikotoka.

Profesa Eric Mazur alianza kufundisha fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1984. Wanafunzi wake walipita mitihani na kumsifu. Baadaye akawapa jaribio la maswali mepesi. Lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalomsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Waliojua kukokotoa hesabu ngumu walikwama hapo. Sheria ya tatu ya Newton, ambayo walikuwa wameikariri, inasema nguvu ni sawa pande zote. Gari dogo huathirika zaidi kwa sababu ni jepesi.

Tangu 1991 Mazur aliacha kuhutubia saa nzima. Wanafunzi husoma kabla ya kuja. Darasani huulizwa swali, kila mmoja hujibu peke yake, kisha hugeukia jirani mwenye jibu tofauti wakabishana, halafu hujibu tena. Aliyeelewa juzi bado anakumbuka palipomkwaza, hivyo humweleza mwenzake vizuri.

Faida yake si porojo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye mihadhara ya kawaida walioanguka walikuwa takribani asilimia 34. Kwenye madarasa yanayomshughulisha mwanafunzi, kwa njia hii na nyingine za jinsi hiyo, asilimia 22. Kwa mzazi anayelipa karo, kuanguka ni kulipia somo lilelile mara mbili.

Mbona basi wanafunzi wananung'unika? Utafiti uliofanywa Harvard na kuchapishwa 2019 ulitoa jibu la kushangaza: walioshughulishwa darasani walipata alama bora, lakini wao wenyewe walidhani wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo hudhaniwa kuwa ni kutoelewa. Ndiyo maana mhadhiri anapaswa kueleza jambo hili mapema muhula unapoanza, na kutoa jaribio fupi lenye alama kabla ya kila kipindi. Bila jaribio, wengi hawatasoma.

Kwetu kuna kikwazo kingine, nacho ni bando. Video ya saa nzima humaliza data ya wiki. Mhadhiri akitoa video fupi za kupakua kwa Wi-Fi ya chuo, au kurasa zilizochapishwa, mwanafunzi asiye na pesa hataachwa nyuma. Asipofanya hivyo, darasa limegeuzwa kwa wenye nacho pekee.

Wanafunzi, ulizeni wiki ya kwanza kama video zinapakuliwa bure chuoni. Nanyi wazazi, simu ya malalamiko ikija, mwulizeni mtoto ni swali gani walibishania leo, na awaeleze jibu lake.