Sindano ya Shaba: Mipaka kama Chemchemi ya Ubunifu kwa Waandishi wa Fantasia ya Vijana

1. Utangulizi



Sote humu tunaijua habari ya Fumo Liyongo. Alikuwa jabali la mtu, na silaha za maadui hazikumpata. Lakini mwamshe mtoto wa Pwani usiku wa manane umuulize habari za Liyongo, hataanza na nguvu zile. Ataanza na sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, kitu pekee kilichoweza kumuua, na mwanawe aliyeishika. Mashujaa wenye nguvu wako tele na wengi tumewasahau. Liyongo tunaye hadi leo kwa sababu ya ile sindano.

Mada hii inahusu mazoea ya uandishi na vyanzo vya mawazo vya waandishi wa fantasia kwa vijana. Nimewachagua wanne: Ursula K. Le Guin wa Marekani, Philip Pullman na Diana Wynne Jones wa Uingereza, na Nnedi Okorafor, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wa Kiigbo kutoka Nigeria. Katika kila warsha niliyohudhuria, vijana huuliza: hawa watu mawazo wanayatoa wapi? Wanaouliza hutarajia jibu la ajabu kama vitabu vyenyewe. Nitajaribu kuonyesha kwamba wameyatoa kwenye ufinyu wa vitabu, wa muda, wa mwili hata wa karatasi, na kwamba mpaka aliouzoea mwandishi mezani pake ndio huohuo anaouweka katika uchawi wa hadithi yake.

2. Mawazo yalikotoka

Nianze na Jones (1934–2011), kwa kuwa utoto wake unafanana na wa wengi wetu. Baba yake alikuwa na mkono wa birika. Alinunua seti nzima ya vitabu vya Arthur Ransome, akaifungia kabatini, kisha akawa anatoa kitabu kimoja kila Krismasi, mabinti zake watatu wagawane. Wasomaji watatu, kitabu kimoja, mwaka mzima. Diana, aliyekuwa mkubwa, akaanza kujaza madaftari kwa hadithi zake mwenyewe na kuwasomea wadogo zake. Sisi tuliosoma mahali ambapo maktaba ya shule ni kabati moja, na ufunguo anao mwalimu mkuu, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Miaka mingi baadaye Jones alitembelea shule moja, na mvulana mmoja akamwomba aandike kitabu kuhusu kasri linalotembea. Aliandika jina la mvulana huyo na kulihifadhi vizuri mno, hata asilione tena. Ombi lenyewe halikupotea. *Howl's Moving Castle* kilitoka mwaka 1986, na mwaka 2004 Hayao Miyazaki wa Japani akakitengenezea filamu.

Le Guin (1929–2018) alianzia kwenye swali. Mwaka 1967 mchapishaji mdogo wa California alimwomba kitabu cha vijana, kazi ambayo hakuwa ameifanya kabla. Akawaza: wachawi wa vitabuni wote ni wazee wenye ndevu nyeupe. Kabla ndevu hazijaota walikuwa nani, na kazi yao walijifunzia wapi? Swali hilo likamzaa Ged, kijana mchunga mbuzi anayepelekwa shule ya uchawi katika *A Wizard of Earthsea* (1968). Hata hivyo, jambo la kwanza alilofanya Le Guin halikuwa kuandika sura ya kwanza. Alichora ramani ya visiwa. Ramani humfunga mwandishi. Ukishaweka kisiwa hapa na kingine kule, mhusika wako hawezi kufika kesho asubuhi eti kwa sababu wewe umechoka kumsafirisha. Lazima umtafutie jahazi, umpe upepo na chakula, na baharini lazima limpate jambo.

Okorafor alifungwa na mwili. Alikuwa mchezaji wa tenisi. Akiwa na miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo uliopinda, akazinduka akiwa amepooza kuanzia kiunoni. Kitandani alikuwa na kitabu cha Isaac Asimov, *I, Robot*, na katika pambizo za kitabu hicho ndimo alimoanza kuandika hadithi. Chukueni kitabu chochote kilicho mbele yenu mpime pambizo yake: haizidi upana wa vidole viwili. Alijifunza kutembea upya. Tenisi haikurudi kama zamani, ila kalamu haikumwacha.

3. Meza, saa na kurasa

Pullman aliandika vitabu vyake vilivyompa jina katika kibanda kilichokuwa bustanini kwake, Oxford, kwa kalamu ya mkono, kwenye karatasi za A4 zenye mistari. Kipimo chake ni kurasa tatu kwa siku. Kazi ikimnogea haongezi ya nne, na ikimgomea hasimami kwenye ya pili. Tena ana hila moja ndogo: akiumaliza ukurasa wa tatu, huandika sentensi ya kwanza ya ukurasa unaofuata, ndipo aondoke. Kesho yake hakuti karatasi tupu. Mama anayefukia kaa la moto jivuni usiku ili asubuhi asihangaike kuomba moto kwa jirani anaielewa hila hiyo kuliko profesa wa fasihi.

Kabla ya hapo Pullman alikuwa mwalimu wa shule, na kwa miaka aliwasimulia wanafunzi wake *Iliadi* na *Odisei* kwa kichwa, bila kitabu mkononi. Huko ndiko alikojifunza mahali pa kukatiza hadithi ili watoto warudi kesho.

Le Guin alipohojiwa mwaka 1988 kuhusu ratiba yake, alisema huamka saa 11:30 alfajiri, akalala tu akiwaza. Saa 1:15 asubuhi huanza kuandika hadi saa 6 mchana. Alasiri ni ya kusoma, barua na nyumba. Kuanzia saa 2 usiku, alitania, akili yake huwa haifai kwa lolote. Tusisahau kwamba hiyo ilikuwa ratiba ya mama ambaye wanawe watatu walishakua. Walipokuwa wadogo, aliandika usiku wakishalala. Saa zilibadilika kufuata maisha yake, lakini siku zote palikuwa na saa ya kuandika.

4. Sheria ya uchawi

Hapa ndipo mazoea na ubunifu vinapokutana. Katika visiwa vya Le Guin, mchawi hana mamlaka juu ya kitu mpaka alijue jina lake la kweli, na kila tendo lina gharama: ukiita mvua huku, huenda umeleta ukame kule. Katika *Howl's Moving Castle* cha Jones, Sophie anageuzwa bibi kizee na hawezi kumwambia yeyote kwamba amelogwa. Mpaka huo mmoja unaendesha kitabu kizima, maana msomaji anajua siri na hana wa kumnong'oneza. Katika *Akata Witch* (2011) cha Okorafor, kinachoonekana kuwa kasoro ndicho mlango wa uwezo. Sunny ana ualbino. Rafiki yake Orlu ana disleksia, herufi humchezea machoni, na kipaji chake ni kutengua uchawi wa wengine. Alama za nsibidi zinazotumika humo si za kubuni. Ni maandishi halisi ya kale ya kusini-mashariki mwa Nigeria.

Pullman alikwama kwenye sura ya kwanza ya *Northern Lights* (1995). Shujaa wake, Lyra, alikuwa anajificha mahali alipokatazwa, peke yake, hana wa kusema naye. Akajaribu mara nyingi, sura ikakataa. Hatimaye akaandika kwamba Lyra yuko pamoja na roho yake, iliyo nje ya mwili kwa umbo la mnyama. Mwandishi mwenyewe hakujua bado maana yake, ila sasa Lyra alikuwa na wa kubishana naye. Kisha ikaja sheria: roho hiyo haiwezi kwenda mbali na mwenyewe bila maumivu makali. Machozi ya msomaji katika kitabu kile yanatoka kwenye sheria hiyo.

Niliwahi kupewa mswada wa kijana mmoja mwenye kipaji. Shujaa wake alikuwa na pete inayoweza kila kitu. Ukurasa wa tano alimshinda jini, wa nane mfalme, na wa kumi na mbili mwandishi akaniuliza, "Sasa nifanye nini, mwalimu?" Nikamjibu, "Ipunguze hiyo pete." Akakasirika. Baada ya wiki mbili alirudi na pete ambayo kila ikitumika humsahaulisha mvaaji jina la mtu mmoja ampendaye. Mswada ulikuwa umefika kurasa arobaini na bado unakwenda.

Si somo geni kwetu. Katika *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert (1952), nduguze wamegeuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku ingawa anawapenda. Ondoa sharti la viboko, hadithi inakufa.

5. Mapendekezo

(i) Kila mshiriki achague kipimo anachoweza kukitimiza hata siku ya msiba au ya foleni ya maji. Nusu ukurasa unatosha.

(ii) Ulimwengu wowote wa kubuni uchorewe ramani kabla ya sura ya kwanza, hata kwa mkaa sakafuni.

(iii) Kila uwezo wa ajabu uandikiwe gharama yake kwa sentensi moja. Ikishindikana, uwezo huo uondolewe.

(iv) Walimu wasimulie ngano darasani kwa kichwa, wakatize pazuri, na siku ya pili wawaachie wanafunzi waendeleze.

6. Hitimisho

Najua malalamiko yetu, na ni ya haki: vitabu ni ghali, wachapishaji hawana haraka, umeme unakatika tukiwa katikati ya sentensi. Sisemi shida ni neema. Nasema tu kwamba wanne hawa hawakungoja ziishe.

Kabla hatujatoka kwa chai, naomba kila mmoja aandike kwenye daftari lake sentensi moja isiyokamilika kuhusu mtu mwenye uwezo fulani na sindano yake ya shaba. Msiimalize leo. Kesho asubuhi ndiyo itakayowaita mezani.