Matumizi ya Maktaba katika Kutafuta Nasaba na Makaburi ya Uskoti



Jiwe la kaburi ni shahidi wa nasaba, lakini mvua na upepo hulifuta. Huko Uskoti, maandishi mengi ya makaburi ya kabla ya mwaka 1855 yaliwahi kunakiliwa. John Fowler Mitchell na mkewe Sheila waliyakusanya jimbo kwa jimbo, na Chama cha Nasaba cha Uskoti, kilichoundwa mwaka 1953, kikayachapisha. Vitabu hivyo huhifadhiwa maktabani.

Mtafutaji aanze na vitabu hivyo kabla ya kufunga safari. Jina la mke lisimbabaishe: aghalabu huchongwa kwa ukoo wa baba yake. Kisha alinganishe na daftari za serikali zilizoanza tarehe 1 Januari, 1855. Zile za vifo za mwaka 1855 hadi 1860 zilitaja hata mahali pa maziko. Kwa miaka ya nyuma zipo daftari za parokia, iliyo kongwe kuliko zote ikiwa ya Errol, ya mwaka 1553.

Aidha, ikumbukwe kuwa maskini wengi hawakuwekewa jiwe. Majina yao yamebaki daftarini tu, na huko ndiko yanakopaswa kutafutwa.