TULIYOYAONA MUMBAI: KAZI YA MBALI NA MWENYE KAZI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Kwanza tunatoa shukrani. Mlipochanga fedha ili mzee wetu apelekwe Bara Hindi kutibiwa, wengine mlitoa shilingi elfu moja, wengine elfu kumi, na mama mmoja alileta kuku. Kuku yule aliuzwa, na fedha yake imeandikwa katika daftari pamoja na nyingine zote. Mzee amerudi, mnamwona ameketi hapo mbele. Hesabu tumemkabidhi Mweka Hazina, na kila mwanachama anayo haki ya kuisoma. Leo mmetutaka tuseme tuliyoyaona katika mji wa Mumbai, sisi watatu tuliokaa huko wiki sita kumwuguza. Basi hatuna budi kusema yote, matamu na machungu.

Mji huo wazee wa pwani waliujua kwa jina la Bombay; jina la Mumbai lilifanywa rasmi mwaka 1995. Majahazi yalitoka huko kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, na mwishoni mwa karne ya 19 nguo za viwanda vya Bombay zilijaa katika maduka ya Unguja. Babu zetu walivaa kazi ya mikono ya watu wale.

Mzee alipokuwa amelala, tulikwenda kwa zamu kuuona mji. Tulipanda treni, maana huko treni ndiyo miguu ya watu. Treni ya kwanza ya abiria katika Bara Hindi iliondoka katika mji huo tarehe 16 Aprili, 1853, ikaenda Thane. Leo asubuhi mabehewa hujaa hata mtu hawezi kuinua mkono ajikune, na wanawake wana mabehewa yao. Tuliona mama mmoja akimenya vitunguu saumu njiani, ili afike nyumbani mboga iwe tayari kwenda jikoni.

Tulikwenda pia katika kiwanja cha Gowalia Tank. Hapo, tarehe 8 Agosti, 1942, chama cha Congress kiliwaambia Waingereza waiache nchi. Kabla jua halijapanda siku ya pili, Gandhi na viongozi wenzake walikuwa wamekwisha kamatwa. Wakoloni walidhani wameukata mti. Lakini bibi mmoja, Aruna Asaf Ali, alipandisha bendera kiwanjani hapo, na msichana mwanafunzi, Usha Mehta, pamoja na wenzake, waliendesha redio ya siri mpaka walipokamatwa mwezi wa Novemba. Yapata miaka mitano baadaye nchi ilikuwa imepata uhuru wake. Tarehe 28 Februari, 1948, askari wa mwisho wa Kiingereza walipita katika Lango la India, pale ufukweni, wakapanda meli wakaenda zao.

Ndugu zetu, wakoloni walipokwisha kwenda, kazi ilibaki kuwa ya nani? Swali hilo ndilo tulilorudi nalo.

Katikati ya mji kuna mitaa iliyoitwa Girangaon, maana yake kijiji cha viwanda. Watu walitoka mashamba wakaja kusokota pamba humo, baba akamrithisha mwana nafasi yake penye mashine. Tarehe 18 Januari, 1982, wafanyakazi yapata 250,000 waligoma, wakiongozwa na daktari Datta Samant. Walidai mshahara, tena walidai wachague wenyewe chama cha kuwasemea, maana sheria ilitambua chama kimoja tu, nacho hawakukitaka. Mgomo ulipita mwaka mzima. Watu waliuza vyombo vya nyumbani, wengine wakarudi mashamba. Umoja walikuwa nao, hakuna awezaye kuwalaumu kwa hilo. Lakini mashine hazikuwa zao, wala ardhi haikuwa yao, na matajiri wengi walikwisha ona kwamba kiwanja kitawapa faida kuliko nguo. Viwanda vingi havikufunguliwa tena. Leo mahali pengi pamejengwa maduka makubwa na ofisi za vioo, na mabomba machache ya moshi yamebaki yamesimama kati yake kama makaburi.

Ndani ya ofisi za namna hiyo, na nyingine nyingi mjini, wamo vijana wanaofanya kazi za makampuni ya Ulaya na Marekani kwa simu na kompyuta. Tulikuwa huko mwezi wa Januari, wakati ambapo saa tatu asubuhi ya New York ni saa moja na nusu usiku wa Mumbai. Jirani zetu katika nyumba tuliyopanga walitoka giza likiingia, wakarudi alfajiri, wakalala mchana. Hawakulalamika. Walituambia kwamba mshahara ule unawalisha wazazi na kuwasomesha wadogo zao. Kwa hiyo hatusemi kazi hiyo ni mbaya.

Hata mmoja wetu hufanya kazi ya namna hiyo. Yeye huandika hesabu za tajiri wa ng'ambo ambaye hajapata kumwona uso. Alichukua kompyuta yake, akaendelea na kazi pembeni mwa kitanda cha mzee, na sote tulifurahi. Wiki ya nne intaneti ya nyumba ile ilikatika siku mbili. Iliporudi, alikuta maneno mistari miwili: kazi amepewa mtu mwingine. Malipo ya wiki tatu hakuyapata mpaka leo. Hapakuwa na mkataba, hapakuwa na ofisi ya kwenda, wala mwenzake wa kumshikia kazi siku zile mbili. Ameturuhusu tuyaseme haya mbele yenu, maana anajua kwamba katika tawi hili wako vijana wengi wanaofanya kazi hiyo hiyo, kila mmoja peke yake, kwa simu yake, chumbani mwake.

Sasa tuwaambie habari za watu wengine wa mji huo huo. Wanaitwa dabbawala. Kazi yao, iliyoanza mwaka 1890, ni kuchukua chakula cha mchana majumbani, katika vyombo vya bati, na kukifikisha makazini kwa treni, kwa baiskeli na kwa miguu, kisha kurudisha vyombo mchana ule ule. Kila chombo kina alama zake za rangi na herufi. Wengi wao hawana elimu kubwa, lakini ni nadra chakula cha mtu kupotea. Wanafanya kazi kwa vikundi, na fedha ya kikundi hugawanywa sawa baada ya gharama. Mmoja akiugua, mwenzake hubeba mzigo wake. Maradhi ya Uviko yalipofunga treni mwaka 2020 walipata taabu kubwa, na wengi walirudi vijijini kwao. Kwa hiyo hatusemi kwamba hawaguswi na shida. Tunasema kwamba kazi ni yao, na hakuna awezaye kuwafukuza kwa mistari miwili.

Ndugu wanachama, kazi ya mbali ni kama jahazi la mtu mwingine: huja na upepo, na upepo ukigeuka huondoka. Asiye na chombo chake hubaki ufukweni akitazama tanga. Hatuwezi kuwazuia vijana wetu wasipakie. Lakini tunaweza kuwafanya wasipakie mmoja mmoja.

Kwa hiyo tunaleta shauri. Chumba cha nyuma cha jengo hili hakina kazi. Kipakwe chokaa, kitiwe umeme na intaneti, na vijana hao waunde ushirika wao wenyewe. Wapokee kazi kwa jina la ushirika. Mkataba usomwe na watu watatu kabla ya kutiwa sahihi. Mmoja akifiwa au akiugua, wenzake wamshikie. Na katika kila malipo itengwe sehemu ya kununua vyombo vyao, ili siku tajiri wa mbali atakapogeuka, wabaki na kitu mkononi.

Daftari la kuandika majina liko hapa mezani. Jina la kwanza limekwisha andikwa: ni la yule mwenzetu aliyedhulumiwa malipo yake. La pili ni la mama aliyeleta kuku. Amesema yeye kompyuta haijui, lakini kuku wengine anao.

Uhuru na Kazi!